Zamu

Sikuwataka, niseme ukweli.
Ewald aliwaleta Februari katika boksi la viatu
lililotobolewa matundu, akikohoa hadi ghorofa ya nne.
Kokateli, akasema. Jike na dume.
Nikaona vishungi viwili vimesimama kwa hofu,
mashavu ya rangi ya chungwa kama ya waliopigwa makofi,
nikauliza: na mavi atazoa nani?

Jike akamwita Kluska, kama donge la viazi la Jumapili.
Dume akamwita Sztygar, msimamizi wa mgodi,
kwa kuwa hupiga mluzi na hafanyi kazi.

Hilo la mwisho lilikuwa uongo.

Yai la kwanza tulilikuta Jumanne, juu ya maranda.
La pili Alhamisi. La tatu Jumamosi.
Anataga leo, kesho anapumzika,
kama mtu aliyeusoma mkataba wake vizuri.
Yakafika matano, meupe,
kila moja kama pingili ya kidole gumba.

Ndipo nikamwona Sztygar.
Asubuhi anaingia sandukuni, anaatamia hadi jioni.
Jioni Kluska anagonga kizingiti kwa mdomo;
huyu anatoka, yule anaingia,
hawasemezani, wanapishana tu,
na mayai hayajui kwamba kuna aliyeondoka.

Miaka ishirini na tisa Ewald alishuka mgodini usiku.
Mimi nilitoka alfajiri kwenda kuoka mikate.
Tulipishana hapo hapo, kwenye zulia la mlangoni,
yeye na makaa yake, mimi na unga wa jana kwenye kucha.
Alilala upande wangu, penye joto.
Hakuwahi kuniambia.
Nilijua kwa masizi kwenye mto.

Usiku wa saba akaitoa kabatini taa ya kofia,
akazima ya jikoni,
akashika yai kwa vidole vilivyovunjika mara tatu, akamulika.
Mishipa myekundu, myembamba, na nukta inadunda.
"Huyu yupo," akasema. "Huyu yupo. Na huyu."
La nne likapitisha mwanga wote hadi ukutani.
Nikanyoosha mkono nilitupe. Akanizuia:
atadhani ameibiwa, atataga tena,
na ganda la yai linatoka mifupani mwake.
Mfupa wa ngisi pale kwenye waya hautatosha.
Basi likabaki, yai tupu, likaatamiwa kwa haki ile ile.

La tano lilikuwa na ufa. Unywele tu.
Nikaleta ile rangi ya kucha isiyo na rangi,
iliyobaki harusini kwa Bernadeta,
nikapaka juu ya ufa, si zaidi, maana ganda linapumua.
Ewald akanitazama kama aliyenioa jana.

Watatu wakatoka, siku baada ya siku:
vipofu, vichwa vizito kuliko shingo,
manyoya ya njano kama vumbi la mahindi.
Lile la ufa, kimya.
Siku ya ishirini na mbili Ewald akaliweka sikioni.

Najua anavyosikiliza.
Hivyo ndivyo alivyosikiliza bomba la chuma, siku mbili,
paa lilipomfunika Teofil,
akingoja mtu agonge kutoka upande wa pili.
Hilo hatulizungumzi.

Akabana pumzi ili asikohoe.
Kisha akanipa mimi.
Tk.
Kimya kirefu.
Tk.
Mgeni anabisha hodi, naye yumo ndani.

"Tumbandulie kidogo tu?" nikanong'ona.
Hapana. Damu bado iko kwenye utando,
ukimharakisha unamuua.
Akalirudisha chini ya Kluska,
akakaa kitini, na mikono yake,
ile iliyochimba,
akaikalia.

Saa nne usiku nikamwambia: nenda ukalale, zamu yangu.
Hakubisha. Alinigusa bega akipita.
Nikakaa.
Kiti kilikuwa na joto.